IMAMU AHMAD WA HARAR: IMANI NA UMOJA VILIVYOLETA USHINDI WA MWAKA 1529



Katika toleo hili la kumbukumbu Kamati imeona vema tuelezane maisha ya mtu mmoja wa Afrika aliyeishi karibu miaka mia tano iliyopita. Hakuwa mtu wa Kongo wala wa Rwanda. Alitoka Pembe ya Afrika, katika nchi ya Harar, ambayo leo iko mashariki ya Ethiopia. Jina lake ni Imamu Ahmad bin Ibrahim al-Ghazi. Wasomali humwita Ahmed Gurey na Wahabeshi humwita Ahmad Gragn. Majina hayo yote mawili yana maana moja, yaani mtu atumiaye mkono wa kushoto.

Tumemchagua kwa sababu mbili. Ya kwanza, aliwakusanya watu waliokuwa wakigombana wao kwa wao, akawapa imani ya kusimamia, na kwa umoja huo jeshi dogo likashinda jeshi kubwa. Ya pili, umoja huo ulikufa siku aliyokufa yeye, na vita vyake viliwafanya watu wengi kuyakimbia makao yao. Sisi tulio hapa tunajua maana ya kukimbia. Kwa hiyo tutasimulia mambo yote mawili bila kuficha, maana katika kambi yetu wako Waislamu, Wakatoliki, Waprotestanti na Waadventista, na kila mmoja ana haki ya kusikia habari nzima.

NCHI ALIYOZALIWA

Ahmad alizaliwa mnamo mwaka 1506, katika sehemu ya Hubat karibu na Harar. Nchi hiyo ilikuwa chini ya usultani wa Adal. Adal ilikuwa nchi ya Waislamu wa mataifa mbalimbali: Wasomali wafugaji wa ngamia, Waafar wa jangwani, Waharla waliokuwa wakulima na wafanyabiashara, na watu wa miji. Bandari yao kubwa ilikuwa Zeila, katika pwani ya Ghuba ya Aden.

Magharibi yao, kwenye milima mirefu, ulikuwako ufalme wa Wakristo wa Uhabeshi. Tusisahau kwamba hapo mwanzo uhusiano wa dini hizo mbili katika nchi ile ulikuwa wa heshima. Mnamo mwaka 615, wafuasi wa kwanza wa Mtume Muhammad walipoteswa mjini Makka, walivuka bahari wakakimbilia Uhabeshi. Mfalme wa huko, Najashi, aliyekuwa Mkristo, aliwapokea na akakataa kuwarudisha kwa watesi wao. Wale walikuwa wakimbizi kama sisi, na kwa ajili ya wema huo Waislamu wa dunia nzima wanamkumbuka Najashi hata leo.

Lakini karne zilipita, na biashara na mipaka vikaleta ugomvi. Wafalme wa Uhabeshi walitaka njia ya kwenda baharini na walitoza kodi sehemu za Waislamu. Masultani wa Waislamu walikataa, wakashindwa, wakainuka tena. Mwanzoni mwa karne ya 15 Sultani Sa'd ad-Din aliuawa huko Zeila na majeshi ya Uhabeshi. Ahmad alipokuwa mtoto, shujaa mkubwa wa Adal alikuwa Mahfuz, mkuu wa Zeila, ambaye kwa miaka mingi alishambulia mipaka ya Uhabeshi wakati wa Kwaresima, Wakristo walipokuwa wamedhoofika kwa kufunga. Mwaka 1517 Mahfuz aliuawa vitani na jeshi la Mfalme Lebna Dengel, na mwaka huo huo Wareno waliichoma Zeila kwa moto.

Baada ya hapo Adal ilivurugika. Wakubwa waliuana kwa ajili ya kiti. Kwa muda mfupi alitawala Garad Abun, mtu aliyesifiwa kwa haki, na kijana Ahmad alikuwa askari wake wa farasi. Lakini mwaka 1525 Sultani Abu Bakr, ambaye alikuwa ameuhamishia mji mkuu Harar mwaka 1520, alimuua Garad Abun na kushika mamlaka yote. Chini yake wanyang'anyi walijaa barabarani na watu wakanung'unika.

JINSI ALIVYOUJENGA UMOJA

Mengi tunayoyajua juu ya Imamu Ahmad yanatoka katika kitabu kiitwacho Futuh al-Habasha. Kiliandikwa kwa Kiarabu na Shihab al-Din Ahmad, mwanachuoni aliyetoka Yemen, aliyejulikana kwa jina la Arab Faqih. Mwandishi huyo alikuwa upande wa Imamu, hivyo anamsifu sana. Wahabeshi nao waliandika habari zao wenyewe. Tukiviweka pamoja, tunaona mambo vizuri zaidi.

Ahmad hakukubali utawala wa Abu Bakr. Alitoka Harar na kundi dogo la wapanda farasi akajiimarisha Hubat. Wazee na masheikh walijaribu kuwapatanisha, lakini mapatano hayakudumu. Mwishowe Abu Bakr aliuawa, na Ahmad akamweka Umar Din, ndugu wa yule sultani, kwenye kiti cha enzi. Yeye mwenyewe hakujiita sultani. Alichukua cheo cha imamu, yaani yule anayesimama mbele ya watu katika sala. Kwa cheo hicho aliwaonyesha watu kwamba hakuwaita kwa jina la ukoo wake wala la kabila lake. Aliwaita kwa jina la dini ambayo wote walikuwa nayo. Tena alimwoa Bati Del Wambara, binti wa Mahfuz, na kwa ndoa hiyo wale waliokuwa wakimfuata Mahfuz wakawa upande wake.

Kazi iliyokuwa ngumu zaidi ilikuwa kuwapatanisha Wasomali. Koo zao zilikuwa na visasi vya muda mrefu. Imamu alikwenda kwao mwenyewe, akazungumza na wakuu wao, akaamua kesi za damu na za mifugo. Waliokataa kutoa zaka aliwaendea kwa nguvu. Watu wengine aliwafunga kwake kwa undugu wa ndoa. Mattan, mkuu wa ukoo wa Girri, alikuwa shemeji yake.

Jambo jingine ni juu ya mgao. Kabla yake zaka iliyokusanywa kwa watu iliingia zaidi mikononi mwa wakubwa. Imamu aliamuru igawanywe kwa makundi manane yaliyotajwa katika Kurani, ambayo ndani yake wamo mafukara, masikini, wenye madeni na msafiri aliyekatikiwa njiani. Jambo hilo lilimkasirisha Sultani Umar Din na wakubwa wenzake, na ugomvi wao ulikuwa mkubwa. Lakini watu wadogo waliona kwamba huyu mtu anachokisema msikitini anakifanya pia kwenye ghala. Ndugu wasomaji, sisi tunaopanga foleni ya mgao tunalielewa jambo hili kuliko watu wengi. Hakuna kinachovunja umoja haraka kama shaka juu ya kipimo, na hakuna kinachoujenga kama kipimo kinachoonekana na wote.

USHINDI WA SHIMBRA KURE

Imamu alikuwa amekwisha kumshinda jemadari mmoja wa Uhabeshi, Degalhan, aliyekuja kushambulia Adal. Ushindi huo uliwapa watu moyo, na kodi kwa mfalme ikakataliwa. Ndipo Lebna Dengel akakusanya jeshi kutoka majimbo yake yote. Majeshi hayo mawili yalikutana mwezi wa Machi 1529 mahali paitwapo Shimbra Kure, kusini-mashariki ya mji ambao leo ni Addis Ababa.

Hesabu za askari zinatofautiana. Kitabu cha Arab Faqih kinasema Wahabeshi walikuwa na farasi 16,000 na askari wa miguu 200,000, na Waislamu farasi 560 na watu wa miguu 12,000. Habari za Wahabeshi zinasema wao walikuwa na farasi zaidi ya 3,000, na Waislamu 300 tu. Kama ilivyo katika vita vyote, kila upande ulihesabu kwa namna yake. Lakini pande zote mbili zinakubaliana kwamba Waislamu walikuwa wachache sana mbele ya adui yao.

Basi walishindaje? Walikuwa na bunduki chache zilizopitia Zeila, nazo zilisaidia. Lakini bunduki chache peke yake haziwezi kuzuia jeshi kama lile. Jambo kubwa lilikuwa mpango wa watu wenyewe. Imamu hakuwachanganya ovyo, wala hakuwaambia wasahau koo zao. Aliwapanga Waharla pamoja, Wasomali pamoja, na askari wake wa kawaida waitwao Malasay pamoja, kila kundi chini ya mkuu wake. Kila mtu alipigana akiwa karibu na ndugu yake anayemfahamu, na aibu ya kukimbia ilikuwa mbele ya watu wa nyumbani kwake. Lakini amri ilikuwa moja, na sala ilikuwa moja. Masheikh walitembea kati ya safu wakiwakumbusha watu ahadi ya Mungu kwa wenye subira.

Upande wa Wahabeshi mambo yalikuwa kinyume. Jeshi lao lilikuwa kubwa, lakini lilikuwa limekusanywa kutoka majimbo mengi chini ya wakuu waliokuwa na mawazo mbalimbali.

Vita vilikuwa vikali. Kwanza sehemu ya safu ya Waislamu ilisukumwa nyuma, na wengi walifikiri siku imekwisha. Katikati ilisimama imara, na mwishowe Wahabeshi wakavunjika. Arab Faqih mwenyewe anataja maelfu ya Waislamu waliokufa, na zaidi ya hao kwa upande wa Wakristo. Haukuwa ushindi wa bei nafuu.

Mara baada ya vita kuliibuka jambo la kujifunza. Imamu alitaka kuendelea mbele, lakini askari wengi walikataa. Walisema kwamba baba zao walizoea kushambulia na kurudi nyumbani na nyara, na hakuna aliyewahi kubaki katika nchi ile. Imamu ilimbidi arudi nao Harar. Umoja uliokuwa imara siku ya hatari ulilegea mara tu hatari ilipopita. Ilimchukua karibu miaka miwili kuwakusanya tena.

YALIYOFUATA

Mwaka 1531 Imamu alirudi Uhabeshi na jeshi kubwa zaidi. Huko Antukyah alitumia mizinga, na mshindo wake uliwatia Wahabeshi hofu wakatawanyika. Kwa miaka kama kumi alitawala sehemu kubwa ya nchi ile.

Hapa hatutaficha. Katika miaka hiyo makanisa mengi na nyumba za watawa zilichomwa. Mwaka 1531 ilichomwa nyumba ya watawa ya Debre Libanos, iliyokuwa na heshima kubwa kwa Wahabeshi. Baadaye kanisa la Maria wa Sayuni mjini Aksum likabomolewa. Vitabu vilivyoandikwa kwa mkono kwa karne nyingi viliteketea. Watu wengi waliingia Uislamu kwa hofu ya upanga, na wengine wengi waliuzwa utumwani. Mfalme Lebna Dengel mwenyewe akawa mkimbizi katika nchi yake, akihama kutoka mlima hadi mlima, mpaka alipokufa mwaka 1540 katika nyumba ya watawa ya Debre Damo. Mwanawe Menas alitekwa, akapelekwa Yemen.

Kwa Mwislamu wa Harar wa wakati ule, Imamu alikuwa mkombozi baada ya miaka mingi ya kodi na kushindwa. Kwa Mkristo wa milimani alikuwa balaa, na mpaka leo jina Gragn linatajwa kwa uchungu. Hao wote wawili wanasema kweli. Imani ileile iliyomfanya agawe zaka kwa haki ilitumika pia kuhalalisha moto.

Lebna Dengel alikuwa ameomba msaada kwa Wareno. Mwaka 1541 waliingia Massawa, na kutoka huko wanajeshi 400 wakaongozwa bara na Cristóvão da Gama, mtoto wa Vasco da Gama anayejulikana katika pwani yetu ya Afrika Mashariki. Imamu naye, baada ya kushindwa na kujeruhiwa mwaka 1542, aliomba Waturuki waliokuwa Yemen. Walimpa mamia ya wapiga bunduki na mizinga. Agosti 1542, huko Wofla, aliwashinda Wareno, na da Gama akakamatwa na kuuawa. Hivyo ugomvi wa majirani wawili wa Afrika ukawa pia vita vya wakubwa wa mbali.

Baada ya Wofla Imamu aliona vita vimekwisha. Aliwarudisha Waturuki wengi akabaki na kama 200 tu. Lakini Wareno waliosalia waliungana na mfalme mpya, kijana Gelawdewos, na tarehe 21 Februari 1543 wakamkuta huko Wayna Daga, karibu na Ziwa Tana. Imamu alipigwa risasi akafa. Habari ilipoenea, jeshi lake halikungoja mkuu mwingine. Lilitawanyika siku hiyohiyo, kila mtu akitafuta njia ya kwao. Kazi ya miaka kumi na mitano iliisha kabla ya jua kutua.

MAMA WAWILI

Del Wambara alikuwa amefuatana na mume wake katika safari za vita, na huko alizaa watoto. Baada ya Wayna Daga alikimbia na watu wachache, kwa shida nyingi, mpaka akafika Harar. Mwanawe Muhammad alikuwa ametekwa na Wahabeshi.

Kwa upande mwingine alikuwako Sabla Wangel, mjane wa Lebna Dengel. Mwanawe Menas bado alikuwa mateka katika nchi ya Waislamu. Wajane hao wawili, wa pande mbili zilizomwaga damu nyingi, walipatana kubadilishana watoto. Menas alirudi kwa mama yake, na Muhammad alirudi kwa mama yake. Menas huyo baadaye alikuwa mfalme wa Uhabeshi, kuanzia 1559 hadi 1563.

Hakuna wimbo mkubwa wa vita unaoimbwa juu ya tendo hilo. Lakini katika habari yote hii ndilo tendo ambalo pande zote mbili zilipata kitu na hakuna aliyepoteza.

Hata hivyo kisasi hakikwisha. Del Wambara aliolewa na Nur bin Mujahid, mpwa wa Imamu, ambaye alikuwa amiri wa Harar na kuujengea mji ukuta uitwao Jugol, unaosimama hata leo. Mwaka 1559 Nur alimuua Gelawdewos vitani. Lakini Harar ilikuwa imechoka, njaa ikaingia, na mwaka 1567 Nur alikufa kwa tauni. Uhabeshi nayo ilikuwa imechoka. Waoromo, waliotoka kusini, waliingia katika ardhi ambazo falme hizo mbili zilikuwa zimepigania, na hakuna hata moja iliyokuwa na nguvu ya kuwazuia.

MAFUNZO KWETU

Ndugu wasomaji, kwa nini tunasimulia haya hapa Gisenyi, chini ya Nyiragongo, mbali sana na Harar?

Kwanza, kwa sababu umoja unawezekana. Watu wa Adal walikuwa wamegawanyika kuliko sisi. Walipatana kwa sababu mtu alikwenda kuwasikiliza mahali walipo, kesi zao zikaamuliwa, na mgao ukafanywa kwa haki. Imani iliwapa sababu ya kuvumiliana, na haki iliwapa sababu ya kuiamini hiyo imani. Kamati yoyote, msikiti wowote na kanisa lolote katika kambi hii linaweza kuanzia hapo, bila upanga.

Pili, umoja unaotegemea mtu mmoja unakufa naye. Imamu Ahmad hakuwaachia watu wake utaratibu wa kuendelea bila yeye. Ndiyo maana tunawaomba wakuu wa vijiji vya kambi, walimu, na viongozi wa dini wawafundishe vijana kazi zao sasa, waandike mambo kwenye daftari, na wakubali kubadilishana zamu. Nanyi ndugu wa mashirika, mnapohamishwa, tuachieni mambo yakiwa yameandikwa, ili anayekuja asianze upya.

Tatu, umoja unaojengwa dhidi ya jirani hauna mwisho mwema. Mudende si mbali na hapa. Mwaka 1997, mwezi wa Agosti na tena mwezi wa Desemba, wakimbizi wa Kongo waliuawa pale usiku na watu waliokuwa wameungana vizuri kwa ajili ya kuua. Kuungana peke yake si wema. Lazima tuulize tunaungana kwa ajili ya nini.

Waislamu wa kambi hii wanaweza kumkumbuka Imamu Ahmad kwa ujasiri wake na kwa uadilifu wake katika zaka. Wakristo wanaweza kuwakumbuka watawa wa Debre Libanos. Sote pamoja tumkumbuke Najashi, aliyewafungulia mlango wakimbizi wasiokuwa wa dini yake, na wale mama wawili waliorudishiana watoto.

Mungu awarehemu marehemu wetu wote, na atuongoze kurudi nyumbani kwa amani.

Kamati ya Jumuiya ya Kambi
Gisenyi (Rubavu)